Kupunguza Kusikotuongezea Joto: Barua ya Wazi kwa Wanaoidhinisha Michoro ya Nyumba Kisumu

Kwa Bodi ya Jiji la Kisumu na maofisa wa kaunti wanaosimamia mipango ya miji na nyumba,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Migosi, nikiwa mwanafunzi wa usanifu, kuhusu nyumba inayopigiwa debe siku hizi kuwa ndiyo ya kisasa: kuta nyeupe tupu, kona kali, vioo vikubwa, paa lisiloonekana, ua mzima umefunikwa kabro. Wauzaji huiita minimalizimu, yaani ujenzi wa kupunguza hadi kibaki cha lazima tu. Hoja yangu ni kwamba hapa kwetu nyumba hiyo haipunguzi chochote. Huondoa vitu machoni pa mpita njia, kisha humrudishia mwenye nyumba kwa njia ya bili ya umeme, fundi wa kila msimu wa mvua na sebule isiyokalika alasiri. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya mipango na nyumba, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mjenzi apate idhini yenu kabla ya kujenga. Sura ya Kisumu ya kizazi kijacho inapita mezani penu, mchoro mmoja baada ya mwingine. Naomba michoro hiyo iulizwe maswali ambayo leo haiulizwi.

Kwanza niondoe dhana kwamba nina ugomvi na usahili wenyewe. Wazo la kujenga kwa kiasi lina ukoo wa heshima, na tawi moja la ukoo huo lilifika Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, kuanzia 1925 hadi 1930, msanifu Ernst May aliongoza ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi. Humo ndimo lilimotoka jiko maarufu la Margarete Schütte-Lihotzky la mwaka 1926, dogo, lililopangwa kwa kufuatilia hatua anazopiga mpishi kati ya sinki, meza na moto. Mwaka 1929 wasanifu wa Ulaya walikutana mjini humo kujadili makao yenye kiwango cha chini kabisa kinachomtosha binadamu kuishi kwa afya. Mwaka 1934 May akahamia Tanganyika akawa mkulima, kisha akarudia usanifu Nairobi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akachora mpango wa kupanua Kampala. Siyasemi haya kumtukuza, maana alifanya kazi chini ya serikali ya kikoloni na mipango yake ilitenganisha watu kwa rangi kama ilivyotakiwa na wakubwa wa wakati ule. Nayasema kwa sababu kwa kizazi chake, cha chini kabisa kilipimwa kwa hewa, mwanga, maji na hatua za mpishi. Hakuna aliyekipima kwa kuangalia jinsi ukuta unavyotoka kwenye picha.

Tawi la pili la ukoo huo ndilo linalotawala simu zetu, na mfano wake mkuu ni nyumba ya vioo ambayo Ludwig Mies van der Rohe alimjengea daktari Edith Farnsworth kando ya mto Fox, huko Plano, Illinois, ikakamilika 1951. Wanafunzi wa usanifu dunia nzima hufundishwa kuiheshimu, na kwa kweli ni kazi ya kustaajabisha: sakafu mbili, paa, nguzo nane, na kioo pande zote nne. Lakini Farnsworth alilalamika. Kiangazi ilimchoma, na usiku taa zake zilivuta wadudu wa mtoni. Ikabidi varanda izungushiwe wavu wa kuzuia mbu. Nyumba hiyo ilipouzwa, mmiliki wa pili, Peter Palumbo, aliuondoa wavu ule ili mistari ya Mies ionekane tena, kisha akaweka mtambo wa kupoza hewa. Tazameni mabadilishano hayo. Wavu wa bei rahisi ulitoka kwa kuwa ulionekana, mashine ya bei ghali ikaingia kwa kuwa inafichika, na nyumba ikaendelea kusifiwa kwa usahili wake. Jambo hilohilo ndilo linalofanyika katika viunga vya Kisumu, tofauti ni kwamba huku hatuna pesa za Palumbo.

Kisumu iko umbali wa kilomita kama 10 tu kusini mwa ikweta. Kwa msanifu, hiyo ni zawadi. Karibu saa saba mchana jua huwa juu kabisa, na hata mwezi Juni na Desemba, linapokuwa limesogea mbali zaidi kaskazini au kusini, bado husimama kiasi cha nyuzi 66 juu ya upeo. Upenu wa paa uliotokeza sentimita 60 tu hudondosha kivuli cha karibu mita 1.4 kwenye ukuta unaotazama kaskazini au kusini, na dirisha la kawaida likiwekwa karibu na paa hukaa kivulini takriban lote. Geuza ukuta huohuo utazame magharibi na hesabu inavunjika. Saa kumi na moja jioni jua liko chini, na upenu uleule hauwezi kutoa hata nusu mita ya kivuli. Ndiyo maana kila fundi mzee anajua kuweka bafu, stoo na ngazi upande wa machweo. Nyumba ya kisasa ya kwenye matangazo haina upenu hata kidogo, kwa sababu upenu huharibu umbo la sanduku, na mara nyingi kioo chake kikubwa kabisa hutazama barabara, popote barabara ilipo. Barabara ikiwa magharibi, familia hula chakula cha jioni mbele ya tanuri. Pazia zito linaning'inizwa, taa inawashwa mchana, feni inanunuliwa. Kuna kitu gani kilichopunguzwa hapo?

Paa nalo lina kisa chake, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa madhara yake yanaonekana kwa macho. Lile paa la kujificha si zege bapa kama linavyodhaniwa. Mara nyingi ni mabati ya kawaida yaliyolazwa kwa mwinuko mdogo nyuma ya ukuta uliopandishwa kulizunguka, na maji yake hukusanywa katika mfereji uliobanwa kati ya bati na ukuta huo. Kisumu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kwa kishindo alasiri au usiku, dhoruba ikiwa imejengeka kati ya ziwa na milima ya Nandi. Jani moja la mwembe likiziba tundu la mfereji, maji hayana pa kwenda ila ndani. Dalili huanza kwa duara la rangi ya chai kwenye dari ya jipsamu. Kisha ukungu mweusi hutokea kwenye kona, plasta huvimba na rangi hubabuka. Nje, kwa kuwa hakuna upenu, kila mvua hupiga ukuta mweupe moja kwa moja, huacha michirizi chini ya kila kizingiti cha dirisha, na matone yakigonga udongo hurusha wekundu hadi usawa wa goti. Bati lenye mwinuko wa heshima na gata iliyo wazi lingeyamaliza haya yote. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 1,200, hupokea lita 120,000 kwa mwaka, na hata ukipoteza robo yake bado una maji mengi ya kujaza tangi, katika mji ambao mabomba hukauka kila mara huku ziwa likionekana dirishani.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza ni hiki: nyumba ya kupunguza ipimwe kwa kile ambacho mkaaji hatalazimika kukinunua baada ya kuhamia. Kwa kipimo hicho, Migosi yenyewe ina hati nzuri kuliko mtaa wowote wa matangazo. Mtaa huu ulianza kama mradi wa viwanja na huduma, mpango ulioenezwa na Benki ya Dunia katika miji ya Kenya miaka ya 1970 na kuendelea, Dandora ya Nairobi ikiwa mfano unaojulikana zaidi. Wazo lilikuwa kwamba serikali isijenge nyumba nzima. Ipime ploti, itoboe barabara, ilaze mabomba ya maji na ya majitaka, yaani ishughulikie yale ambayo familia moja haiwezi kujifanyia, na mengine iwaachie wenyewe wajenge chumba baada ya chumba kadiri mfuko unavyoruhusu. Mipango hiyo ilikuwa na kasoro zake. Baadhi ya waliopewa ploti waliziuza kwa wenye uwezo, na vyumba vya kupangisha vikajaa pasipotarajiwa. Hata hivyo, wazo la msingi lilikuwa na akili: lilipunguza kutoka mwanzoni, likaacha nafasi ya kuongezea. Msanifu Alejandro Aravena wa Chile alisifiwa duniani kwa nyumba nusu alizojenga Iquique mwaka 2004, ambapo familia ilikabidhiwa nusu ngumu, yenye jiko, bafu na ngazi, ikajijengea nusu ya pili. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya Pritzker. Sisi tulikuwa tukiishi ndani ya wazo linalofanana na hilo miongo kadhaa kabla, na vyuo vyetu havitufundishi kulitazama.

Na kabla ya Benki ya Dunia palikuwa na dala. Anayetaka kuliona bila kusafiri hadi Alego au Seme aende Jumba la Makumbusho la Kisumu, ambako boma kamili la Kijaluo limejengwa kwa ukubwa wake halisi: nyumba ya mikayi (mke wa kwanza) ikitazama lango, ya nyachira (mke wa pili) upande wake wa kulia, ya reru (mke wa tatu) upande wa kushoto, na simba, yaani nyumba ya kijana, karibu na lango. Sisemi turudi kwenye nyasi na udongo. Ninachokiona pale ni nyumba ndogo ndogo ambazo hazijaribu kufanya kila kazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha imeachiwa uwanja wa katikati na kivuli cha mti. Ninaona pia makao yanayotarajiwa kukua, ambapo kijana huanza na simba bila mtu kumwambia kwamba hajamaliza kujenga. Linganisha na michoro mnayoletewa leo, ambayo huchora jengo kana kwamba familia haitazaa, haitazeeka na haitamleta bibi kutoka kijijini. Mwaka wa tatu bati linaegemezwa nyuma kwa ajili ya jiko la makaa, na usahili wote unaishia hapo.

Najua pingamizi la kwanza, na ni zito: mbu. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko sehemu zote za Kenya, na inajulikana vyema kwamba mbu wa malaria hupenda kuingilia pengo lililoachwa kati ya ukuta na paa. Mtu atasema, basi sanduku lililofungwa na kioo kisichofunguka ni afya. Lakini pengo lisilozibwa na ukuta usiopumua si njia mbili pekee zilizopo. Matofali ya matundu yaliyofungwa wavu kwa ndani, dari iliyozibwa vizuri, dirisha la luva lenye wavu wa kudumu: hivi ni vitu vya duka lolote la vifaa vya ujenzi Kibuye au Kondele. Chumba kinachopitisha upepo usiku humsaidia pia mtu akubali kulala ndani ya neti, jambo ambalo katika chumba cha joto wengi hulikwepa, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Mchoro unaoonyesha dirisha bila kuonyesha wavu wake, hapa Kisumu, ni mchoro ambao haujakamilika. Hofu ya wezi nayo ina jibu la aina hiyohiyo. Tofali la matundu ni grili na tundu la hewa kwa pamoja, na halihitaji kioo nyuma yake.

Pingamizi la pili naliheshimu zaidi, nalo ni la ploti zenyewe. Migosi ya leo inapanda juu. Bangalo zinabomolewa, fleti zinasimama, na upepo unaovuma kutoka ziwani adhuhuri hukutana na kuta za majirani. Mtu atauliza upenu wa sentimita 60 utasaidia nini pale ambapo jirani yuko umbali wa mikono miwili. Jibu liko ndani ya minimalizimu yenyewe, ile iliyofanya kazi yake. Mwaka 1976, jijini Osaka, Tadao Ando alijenga nyumba ndogo ya zege kwenye ploti nyembamba iliyobanwa na majirani. Upande wa barabara hauna dirisha hata moja, ni ukuta mtupu na mlango. Theluthi ya katikati aliiacha wazi kama ua, na mwanga na hewa vyote vinatoka humo. Wenye nyumba hulazimika kukatiza ua huo hata mvua ikinyesha wanapokwenda chooni, na hilo mimi naliona ni ukali wa kupita kiasi. Lakini ukuta ule mtupu unastahili utupu wake, kwa sababu ua ulio nyuma yake ndio unaofanya kazi. Kwetu, vipande vyembamba vinavyoachwa kuzunguka kila jengo huishia kuwa vichochoro vya maji machafu. Vikikusanywa vikawa ua mmoja wa kati, wenye mti na kamba za kuanikia nguo, fleti za ghorofa nne zingepumua. Hilo haliwezekani mpaka ninyi mlegeze masharti ya nafasi za kando kwa yeyote atakayeuleta ua huo kwenye mchoro.

Kuna watakaosema kwamba hili ni suala la ladha, na kaunti haina haki ya kumchagulia mtu sura ya nyumba yake. Nakubaliana nao kabisa. Anayetaka nyeupe apake nyeupe, anayetaka kona kali azichore. Serikali ikianza kuamua uzuri, tutaishia na mji wenye paa la rangi moja na rushwa ya rangi moja. Ninachoomba kinahusu joto, maji na hewa, mambo ambayo yakikosewa huwaangukia wapangaji ambao hawakuchagua chochote, na huangukia pia mifereji ya barabara inayobeba maji ya kila ua uliofunikwa kabro bila kuacha hata kipande cha udongo wa kuyanywa. Hapo ladha ya mtu mmoja imeshakuwa gharama ya mtaa.

Kuhusu msukumo wa ubunifu, nina neno kwa wanafunzi wenzangu na walimu wetu pia, ingawa barua si yao. Picha husafiri bila hali yake ya hewa. Nyumba iliyojengwa kwenye vilima vya Ureno hufika simuni ikiwa haina jasho, haina radi, haina mbu, na mteja huikata picha akaileta kwa mchoraji akisema, nijengee hii. Kazi zinazofaa kuigwa ni zile zinazokuonyesha jinsi mtu alivyofikiri. Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata Pritzker mwaka 2022, alianza na shule ya kijiji cha Gando mwaka 2001, ambako aliinua bati juu ya dari ya matofali ya udongo ili hewa moto itoke katikati yake. Ni bati lilelile la kwetu, limepandishwa tu. Kando ya Ziwa Turkana, katika kituo cha Startup Lions kilichokamilika 2021, alisimamisha minara ya kuvuta hewa moto juu, akiwa ametazama vichuguu vya mchwa vya nchi ile. Beda Amuli, katika soko la Kariakoo la Dar es Salaam miaka ya 1970, alitandaza miavuli mikubwa ya zege inayoleta kivuli na kukinga maji ya mvua kwa umbo lilelile moja. Na Thimlich Ohinga, kule Migori, kuta za mawe zimesimama tangu karibu karne ya 16 bila tope wala saruji, jiwe likishikwa na jiwe, mpaka UNESCO ikaziandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Sijui kazi ya kupunguza iliyo kali kuliko hiyo, na iko safari ya asubuhi moja kutoka kituo cha mabasi cha Kisumu.

Ninachowaomba hakihitaji sheria mpya. Kila mchoro unaokuja kwenu tayari una ramani ya ploti na sura za kuta. Fomu ya maombi iongezewe ukurasa mmoja ambapo mchoraji ataonyesha jua la saa kumi na moja linapiga ukuta gani na limezuiwa na nini, upepo unaingilia wapi na kutokea wapi kila chumba cha kulala, maji ya paa yanaenda wapi, na chumba cha ziada kitajengwa upande gani siku kikihitajika. Mchoraji asiyeweza kujaza ukurasa huo hajamaliza kazi anayomlipisha mteja. Mtaniambia kwamba idhini zinachelewa tayari, na ukurasa mwingine ni mlango mwingine wa kumzungusha mwananchi. Ni hofu ya haki. Basi ukurasa huo usiwe wa kukataliwa kwa hiari ya ofisa. Uwe wa kuambatishwa tu, uonekane na mteja na atie saini kwamba ameusoma. Wengi watabadilisha dirisha wao wenyewe kabla ofisi haijasema neno.

Kwa wasio na uwezo wa kumlipa msanifu, ambao ndio wengi, kaunti itoe michoro michache ya mfano, iliyokwisha kuidhinishwa, ichukuliwe bure kaunta: nyumba ya kuanzia chumba kimoja hadi vinne, na fleti ndogo yenye ua wa kati. Aravena aliiachia dunia michoro yake minne ipakuliwe bila malipo. Maseno na Kisumu National Polytechnic zina wanafunzi wanaotafuta kazi za kweli za kuchora badala ya hoteli za kubuni za pwani ya Dubai. Tupeni ploti halisi za Migosi, Manyatta na Nyalenda, pamoja na mafundi wa kutusahihisha, na michoro ya kwanza inaweza kuwa mezani penu kabla ya mvua za masika zijazo. Mradi wa kwanza wa kuipima uwe wa serikali yenyewe, katika awamu zijazo za nyumba za bei nafuu hapa mjini, kwa sababu mwenye muhuri akijenga ukuta wa kioo unaotazama magharibi, hatakuwa na uso wa kumkataza mwingine.

Wenu katika ujenzi,

Mwanafunzi wa usanifu,
Migosi, Kisumu